Kano ya Kisigino Baada ya Miaka 50: Kupumzika, Sindano, Mazoezi ya Ngazini au Vyuma?

Dalili zinajulikana. Ukishuka kitandani asubuhi, hatua za kwanza ni za kuchechemea, kisha mguu unalegea. Kilomita ya kwanza inauma, ya tatu haiumi, na jioni kisigino kimekakamaa upya. Huwezi kutaja siku uliyoumia. Kwa mkimbiaji wa ridhaa mwenye miaka hamsini na ushei, mara nyingi hii ni kano ya kisigino (Achilles), ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino, iliyobebeshwa mzigo kupita uwezo wake, wiki baada ya wiki.

Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja atasema uache kukimbia miezi mitatu. Duka la dawa litakupa diclofenac. Wenzako wa mchakamchaka watakutajia sindano, na kwenye simu utamwona mtu akishusha visigino kwenye ukingo wa ngazi. Tumeziweka njia hizo bega kwa bega ili uchague. Msimamo wetu tunautanguliza: kano hupona kwa kubebeshwa mzigo kwa kipimo, na uamuzi mkubwa ulio mbele yako ni mzigo gani, mara ngapi, na kwa umbali gani wa siku. Kwa walio wengi wenye umri huu tunapendelea vyuma vizito mara tatu kwa wiki, na sababu zake utaziona.

Kwanza, panauma wapi?

Ibane kano kwa kidole gumba na cha shahada, uanzie kwenye mfupa wa kisigino ukipanda polepole. Maumivu yakiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, tatizo liko katikati ya kano. Yakiwa pale pale kano inapojishikiza kwenye mfupa, tatizo liko mwishoni mwa kano. Usiipuuze hatua hii: zoezi linaloponya la katikati linaweza kuzidisha la mwishoni.

Yapo mambo mengine yanayofanana na kano iliyochoka, na hayo hayasubiri mazoezi:

- Ulisikia mlio kama umepigwa teke kwa nyuma, na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Lala kifudifudi, mguu uning'inie nje ya kitanda, mtu alibane shavu la mguu. Unyayo usipojisukuma chini, kano huenda imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma hata umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege. Huenda ni bonge la damu kwenye mshipa.
- Mfupa wa kisigino unauma ukibanwa pande zote mbili kwa viganja, na maumivu yanaongezeka kila unapokimbia badala ya kupungua mwili ukipata joto. Hapo fikiria ufa wa mfupa.
- Visigino vyote viwili vinakakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, pamoja na mgongo. Hapo muone daktari wa baridi yabisi.

Na kama hujapima sukari na lehemu (kolesteroli) mwaka huu, pima. Kisukari huongeza hatari ya kano kuharibika na hupunguza kasi ya kupona. Lehemu iliyo juu sana ya kurithi huweza kujikusanya ndani ya kano hii hasa na kuifanya nene. Wapo wanaogundua ugonjwa huo kwa sababu ya kisigino.

Umri umebadilisha nini?

Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni-14, ile iliyotapakaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ndani ya kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka tofauti. Waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa mpaka mtu anapofika miaka 17 hivi, na baada ya hapo hakibadilishwi kwa kiwango cha kupimika. Kwa maneno mengine, unakimbilia kano uliyoijenga shuleni. Kinachoweza kuongezwa ni ugumu wake na nguvu ya misuli inayoivuta.

Hapo kwenye misuli ndipo wenye umri mkubwa tunapopoteza zaidi. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa: wa juu unaovuka goti, na wa chini ulio bapa, uliojificha chini yake. Huo wa chini ndio unaofanya kazi nyingi katika mbio za mwendo wa kawaida, na mazoezi mengi ya kuchuchumaa na kutembea hayaufikii ipasavyo. Ukikimbia, kano hupokea nguvu ya takriban mara 6 hadi 8 ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni sawa na kilo 450 hadi 600 kila hatua, na katika saa moja kila mguu hupiga hatua kama 5,000. Msuli wa chini ukidhoofika, hatua hizo hazipungui.

Jambo la pili ni muda. Baada ya kazi nzito, kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo kano hubomoa kolajeni (nyuzi za protini zinazoifanya iwe imara) nyingi kuliko inayojenga, ndipo ujenzi unaposhinda na kuendelea mpaka kama saa 72. Mkimbiaji anayepanda mlima Jumamosi na kukimbia kasi Jumapili anaikuta kano bado iko kwenye ubomozi. Kijana huweza kulipita hilo kwa muda. Aliyevuka hamsini ajiwekee angalau saa 48 kati ya kazi nzito moja na nyingine.

Kupumzika kabisa au kuendelea kwa kipimo

Mapumziko kamili yana sifa moja ya kweli, nayo ni kwamba maumivu hupungua haraka, pengine ndani ya wiki mbili. Shida ni kwamba kano isiyobebeshwa mzigo hupoteza ugumu, na msuli hudhoofika kwa kasi zaidi kwa mtu mzima. Unarudi barabarani ukiwa huna maumivu na huna uwezo, na baada ya wiki ya pili au ya tatu uko pale pale. Wengi wamezunguka hivyo miaka.

Upande wa pili kuna utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Karin Silbernagel. Wagonjwa 38 walipewa mazoezi yale yale. Nusu waliambiwa waendelee kukimbia na kuruka wakifuata kanuni ya maumivu, nusu wakaacha kwa wiki 6 za mwanzo. Baada ya mwaka mmoja walioendelea hawakuwa nyuma ya wenzao. Kanuni yenyewe ni hii, na yafaa uijue kwa moyo kwa sababu inatawala kila kitu kingine:

Maumivu yapime kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi na mara baada yake yanaweza kufika 5. Kesho yake asubuhi lazima yawe yamerudi kiwango cha kawaida. Na wiki kwa wiki, maumivu na ukakamavu wa asubuhi visipande. Kwa vyuma tunaikubali 5. Kwa kukimbia, kwa wenye miaka hamsini na kuendelea, tunashauri uishie 3, kwa sababu ukiwa na maumivu ya 5 unaanza kuchechemea bila kujua, na goti au nyonga ya upande wa pili italipa.

Kuna wakati mapumziko ndiyo chaguo sahihi: kano ikiwa imevimba na kuuma ghafla baada ya shindano au wiki ya milima. Hapo acha kukimbia siku 5 hadi 10. Endesha baiskeli ukikanyaga pedali kwa katikati ya unyayo, ogelea, au kimbia ndani ya maji yanayokufika kifuani. Kisha anza mazoezi. Usisubiri maumivu yaishe yote.

Dawa na sindano

Diclofenac na ibuprofen huondoa maumivu kwa saa chache. Hazijengi kano, na zinafuta ile ishara ambayo kanuni ya hapo juu inaitegemea. Kumeza kidonge ili uweze kukimbia ni kuendesha gari ukiwa umeifunika dashibodi. Hatari zaidi iko kwenye figo: ukiwa unatumia dawa ya shinikizo la damu ya kundi la enalapril au losartan pamoja na ile ya kukojoza maji, ukaongeza diclofenac, kisha ukatoka jasho saa mbili kwenye joto la Dar au Mombasa, figo zinaweza kuumia vibaya. Ikibidi dawa kwa ajili ya usingizi, paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa walio wengi.

Antibaotiki zinastahili onyo lake. Ciprofloxacin, levofloxacin na nyingine za kundi hilo zinaweza kuharibu kano, na ya kisigino ndiyo hupigwa zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo la juu kabisa mwaka 2008. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60 na kwa anayetumia steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), na kano inaweza kukatika hata miezi kadhaa baada ya dozi kuisha. Kwetu cipro huuzwa kirahisi kwa tumbo la kuhara au mkojo unaowasha. Mwambie daktari au mfamasia kwamba wewe ni mkimbiaji na una tatizo la kano, uulize kama kuna dawa mbadala. Kama umeshaanza kuinywa na kisigino kikaanza kuuma, acha kukimbia na urudi kwa aliyekuandikia siku hiyo.

Sindano ya steroidi inahitaji kutofautishwa. Ile inayodungwa kwa kukisia, ndani ya kano yenyewe, ili ikuwezeshe kukimbia Jumapili, ikatae. Steroidi ndani ya kano huidhoofisha, na mgonjwa asiyesikia maumivu huibebesha mzigo siku hizo hizo. Lakini utafiti wa Denmark wa mwaka 2022, wenye wagonjwa 100, ulionyesha kwamba sindano iliyoelekezwa kwa altrasaundi, ikawekwa mbele ya kano na siyo ndani yake, pamoja na mazoezi ya uzito mzito, ilileta nafuu kubwa kuliko mazoezi na sindano isiyo na dawa hiyo. Basi kama maumivu yanakuzuia kabisa kufanya mazoezi, na kuna mtaalamu mwenye altrasaundi mkononi, ni jambo la kujadili. Kwa wengine wote, anza na mazoezi.

Ngazi au vyuma

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Njia ya ngazi ilitangazwa mwaka 1998 na Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden. Wakimbiaji wa ridhaa 15, wastani wa umri miaka 44, wote wakiwa na maumivu ya katikati ya kano, walifanya zoezi hili kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Kundi ni dogo, lakini tafiti zilizofuata zimeipa njia hii nguvu.

Simama kwenye ukingo wa ngazi ya baraza kwa sehemu ya mbele ya unyayo, mkono mmoja ukutani. Panda kwa miguu yote miwili, au kwa mzima peke yake. Hamishia uzito wote kwenye mguu mgonjwa, kisha shusha kisigino polepole, kwa hesabu ya tatu au nne, mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Rudisha mguu mzima, panda nao. Seti 3 za marudio 15 goti likiwa limenyooka, seti 3 za 15 goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, siku saba za wiki. Jumla ni marudio 180 kwa siku. Zoezi likikoma kuuma, vaa begi la mgongoni lenye kilo 5, kisha ongeza.

Makosa tunayoyaona ni machache na yanajirudia. Watu hupanda kwa mguu mgonjwa, na kwa umri huu hilo ni zito mno mwanzoni. Hushuka haraka, na hapo faida inapotea. Huruka zile za goti lililokunjwa kwa kuwa hazipendezi, wakati ndizo zinazoufikia msuli wa chini. Huviringisha kifundo nje kuelekea kidole kidogo. Uzito ukae kati ya kidole gumba na cha pili. Wengi huacha wiki ya pili au ya tatu maumivu yanapopanda kidogo, na kupanda huko kunatarajiwa. Na ngazi ya vigae yenye maji imewaangusha watu wazima, kwa hiyo vaa raba, usifanye ukiwa na soksi.

Kama 180 ni nyingi, habari njema ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha waliofanya 180 na walioruhusiwa kufanya kadiri walivyoweza, na baada ya wiki 6 hawa wa pili hawakuwa nyuma. Anza na 60 kwa siku na upande.

Njia ya vyuma ni nyingine. Uzito mkubwa, mwendo wa polepole sana, siku tatu tu kwa wiki. Sekunde 3 kupanda, sekunde 3 kushuka, bila kudunda chini. Mapumziko ya dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Mazoezi ni matatu: kunyanyua visigino umekaa na uzito juu ya mapaja karibu na magoti, kunyanyua umesimama ukiwa na chuma mabegani, na kusukuma kwa vidole kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu. Uzito hupandishwa hivi:

| Wiki | Uzito unaoweza kuurudia mara ngapi, si zaidi | Seti kwa kila zoezi |
|---|---|---|
| 1 | 15 | 3 |
| 2–3 | 12 | 3 |
| 4–5 | 10 | 4 |
| 6–8 | 8 | 4 |
| 9–12 | 6 | 4 |

Ukimaliza seti ya 8 na unahisi ungeweza kufanya 12, uzito ni mdogo. Rudio la mwisho mguu utetemeke, lakini mwendo ubaki ule ule wa sekunde sita.

Njia hizi mbili zimepambanishwa uso kwa uso Copenhagen, Denmark, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 58, wiki 12. Nafuu ilikuwa sawa, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa bado sawa. Tofauti ilikuwa kwenye muda na uvumilivu: waliopewa ngazi walihitaji dakika 308 kwa wiki, wa vyuma dakika 107, na utimizaji wa ratiba ulikuwa asilimia 78 kwa ngazi dhidi ya 92 kwa vyuma.

Kama nafuu ni sawa, kwa nini tunaegemea vyuma? Kwanza, siku za katikati zinaipa kano saa 48 inazozihitaji, ilhali ngazi ya kila siku haimpi mtu mzima nafasi hiyo. Pili, msuli wa chini unahitaji uzito ambao mwili peke yake hautoi. Lengo la mbele, ambalo huchukua miezi mingi, ni kunyanyua umekaa uzito unaokaribia mara moja na nusu ya uzito wako kwa miguu yote miwili, marudio 6. Tatu, faida inavuka kisigino: mtu wa miaka 55 anapoteza misuli mwili mzima, na jimu mara tatu kwa wiki inamsaidia kwa mengi.

Ngazi inabaki chaguo bora kwa asiye na jimu karibu, kwa anayesafiri sana, na kwa aliyezoea utaratibu wa kila siku kuliko wa siku tatu kwa wiki. Haina gharama. Tena kuna njia ya katikati kwa nyumbani: keti kwenye kiti kigumu, vidole vya mguu juu ya ubao wa sentimita 3, weka gunia la mchele la kilo 25 juu ya paja la mguu mmoja na unyanyue kisigino kwa mwendo wa sekunde sita. Kwa kusimama, begi la mgongoni lenye mchanga, mguu mmoja, mkono ukutani. Fanya siku tatu kwa wiki ukifuata jedwali lile lile. Gunia la kilo 25 litakuwa jepesi baada ya wiki chache, na hapo ndipo jimu inapoonyesha thamani yake.

Tahadhari za umri: usizuie pumzi ukisukuma, hasa kama una shinikizo la damu, toa pumzi ukipanda. Mgongo ukiwa na historia, achana na chuma cha mabegani, tumia mashine. Goti lililochakaa kwa kawaida huvumilia vizuri zoezi la kukaa.

Chakula hakiponyi kano, ila misuli haijengeki bila protini, na mtu mzima anahitaji zaidi ya kijana: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kama figo zako ni nzima. Yai moja lina kama gramu 6. Dagaa, samaki, maharage na maziwa vinatosha. Unga wa kolajeni unaouzwa bei ghali una ushahidi mdogo. Fedha hiyo iende kwenye raba.

Maumivu yakiwa mwishoni, kwenye mfupa

Hapa kano haiumi kwa kuvutwa tu. Inaumia pia kwa kubanwa dhidi ya mfupa kila unyayo unapokunjwa juu. Ndiyo maana kushusha kisigino chini ya ngazi kunazidisha. Fanya mazoezi yale yale ukiwa umesimama kwenye sakafu tambarare, kisigino kiishie sakafuni. Vyuma pia vivyo hivyo: usitumie ubao kwa wiki za mwanzo. Acha kunyoosha shavu la mguu ukutani, ingawa linatamani kunyooshwa.

Tazama pia maisha ya nyumbani. Kandambili na kutembea peku sakafuni huongeza mbano. Vaa ndala yenye kisigino kidogo. Choo cha kuchuchumaa huikunja kano mpaka mwisho, mara kadhaa kwa siku. Weka kipande cha ubao kisichoteleza chini ya visigino au tumia cha kukaa kwa miezi hiyo. Aliyefanya mazoezi yote sawasawa akasahau haya hupona polepole bila kujua sababu.

Vya kuongezea, na vipi vinastahili fedha

Kipande cha kuinua kisigino ndani ya kiatu ndicho cha bei ndogo na chenye faida ya haraka. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021, watu 100 wenye maumivu ya katikati ya kano, ulikuta kwamba vipande vya milimita 12 vilipunguza maumivu zaidi ya mazoezi ya ngazini kufikia wiki ya 12. Fundi viatu anaweza kukukatia kwa raba ngumu au koki. Weka kwenye viatu vyote viwili, la sivyo nyonga itaenda upande. Havijengi uwezo, kwa hiyo vitumie pamoja na mazoezi, kisha vipunguze kidogo kidogo baada ya miezi mitatu.

Tiba ya mawimbi ya mshtuko, yanayopigwa kwenye kano kwa mashine, hufanywa mara 3 hadi 5, wiki moja moja, kwenye baadhi ya hospitali na kliniki za fiziotherapia za miji mikubwa. Inasaidia zaidi ikiambatana na mazoezi. Ni ghali, na tusingeshauri kabla ya kumaliza wiki 12 za kazi ya kweli.

Kuchuliwa shavu la mguu kunaleta raha na kunalegeza msuli. Kuisugua kano yenyewe kwa nguvu, au kuibana kwa vidole kila saa kuona kama bado inauma, huichokoza.

Kuhusu raba, angalia tofauti ya urefu kati ya kisigino na mbele. Milimita 8 hadi 12 huipunguzia kano kazi. 0 hadi 4 huiongezea. Anayenunua mitumba, iwe Gikomba au Karume, aangalie pembeni ya soli ya katikati: mikunjo mingi iliyolala ina maana povu limekufa hata kama juu kiatu kinang'aa. Kiweke juu ya meza. Kikilala upande mmoja, kiache.

Kurudi barabarani

Usianze kwa tarehe, anza kwa vipimo. Tembea kwa kasi dakika 40 bila maumivu kupita 2. Nyanyua kisigino kwa mguu mmoja, ufikishe angalau asilimia 90 ya marudio ya mguu mzima. Rukaruka kwa mguu huo mara 20, maumivu yasizidi 3. Ukivipita, kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, siku moja kimbia na mbili upumzike. Kila wiki ongeza dakika za kukimbia. Umbali kwanza, kasi baadaye, milima mwisho, kwa sababu mlima huikunja kano na kuivuta kwa pamoja. Vyuma na mbio viwe siku moja, ili siku nyepesi ziwe nyepesi kweli: kwa mfano, ukishazoea, mbio fupi asubuhi na vyuma jioni Jumanne na Alhamisi, mbio ndefu asubuhi na vyuma jioni Jumapili.

Mwenye shindano ahesabu nyuma. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na njia ya kilomita 21 inapanda kuelekea Mweka kwa mwinuko mrefu, jambo gumu kwa kano inayopona. Wiki 12 za vyuma na 8 za kurudi kukimbia ni wiki 20, yaani uwe umeanza mwanzoni mwa Oktoba. Ukigundua tatizo Desemba, ama uchukue kilomita 5, ama uache mwaka huo.

Baada ya wiki 12 bila maendeleo yoyote, kagua mambo matatu kabla ya kubadili njia: uzito ulipanda kweli, mwendo ulikuwa wa polepole, na mahali pa maumivu palitambuliwa sawa. Kama yote yalikuwa sahihi, nenda ukapigwe altrasaundi. Upasuaji hauzungumzwi kabla ya miezi 6 ya mazoezi yaliyofanywa sawasawa.

Na kano ikishatulia, vyuma visiachwe. Punguza viwe mara 1 au 2 kwa wiki, seti 3 za uzito wa marudio 8, umekaa na umesimama. Ukilazimika kusimama zaidi ya wiki tatu kwa safari, ugonjwa au Ramadhani, rudi kwenye uzito wa wiki ya 2 ya jedwali, upande tena kutoka hapo.